Sura ya Tano: Deni la Shilingi Mia Mbili

Mwaka 2017 shirika la utafiti la MicroSave lilichapisha ripoti kuhusu mikopo ya simu nchini Kenya. Ndani yake kuna hesabu moja ambayo hadi leo siwezi kuisoma nikaipita hivi hivi. Katika muda wa miaka mitatu, Wakenya wasiopungua milioni 2.7 walikuwa wameorodheshwa na mashirika ya CRB, yanayotunza rekodi za wakopaji, kuwa watu wasiolipa madeni. Kati yao, 400,000 walidaiwa kiasi kisichofika dola mbili za Marekani, yaani kama shilingi mia mbili za Kenya kwa wakati ule.

Mia mbili ni mkate, maziwa na sukari kidogo. Kwa mia mbili hiyo mtu angeweza kunyimwa mkopo wa karo, au wa kuongeza bidhaa dukani, au wa kununua pikipiki ya kufanyia kazi. Akiomba ajira serikalini angetakiwa kuleta cheti cha CRB pamoja na hati ya tabia njema, na cheti hicho kilikuwa kikiuzwa shilingi 2,200, mara kumi na moja ya deni lenyewe.

Wengi wakisikia hesabu hiyo husema CRB ivunjwe. Sikubaliani nao, na sura hii nimeiandika kueleza kwa nini. Rekodi ya mikopo ni kitu ambacho maskini anakihitaji kuliko tajiri. Tajiri ana shamba lenye hati, ana gari, ana hati ya mshahara, ana shemeji aliye meneja wa benki. Asiye na vitu hivyo amebaki na kimoja tu cha kumwonyesha mkopeshaji, nacho ni historia yake ya kulipa. Kosa lililofanyika Kenya ni kwamba mfumo uliojengwa kuitunza historia hiyo ulianza kwa kuandika makosa peke yake. Hata ulipojifunza kuandika mema, mkopaji hakupewa faida yoyote kwa mema hayo.

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1990 ilikuwa mibaya kwa benki za Kenya. Trade Bank ilianguka mwaka 1993, Trust Bank ikafuata mwaka 1998, na zile zilizobaki zilikuwa zimelemewa na mikopo isiyolipika. Waliokuwa wakikopa na kutolipa hawakuwa wauza mboga. Walikuwa watu wenye majina na marafiki serikalini, waliochukua mamilioni katika benki moja, wakaacha kulipa, kisha wakavuka barabara hadi benki ya pili na kupokelewa kwa chai. Kila benki iliyaficha madeni yake kama siri ya nyumbani, kwa hiyo ya pili haikujua yaliyoipata ya kwanza. Hasara hiyo ililipwa na mkopaji mdogo. Benki isiyoweza kumtofautisha mwaminifu na mlaghai huwatoza wote riba ya mlaghai, au huwafungia wote mlango na kwenda kuikopesha serikali.

Kanuni za kwanza za CRB zilitolewa mwaka 2008 kwa sababu hiyo, na mwaka 2010 kampuni ya kwanza ikapata leseni. Leo zipo tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Lakini kanuni hizo zililazimisha benki kupeleka habari za mikopo iliyoharibika tu. Aliyelipa miaka kumi bila kukosa hakuandikwa popote, na aliyekosa miezi mitatu ndiye aliyepata ukurasa wake. Ilikuwa hivyo hadi kanuni mpya zilipoanza kutumika mwaka 2014, zikaagiza mikopo yote iripotiwe, inayolipwa vizuri na isiyolipwa. Miaka minne si mingi katika maisha ya sheria, lakini ilitosha kuwafundisha watu kwamba kujulikana na CRB ni balaa. Fundisho hilo halijatoka vichwani mwao. Mpaka leo mtu akikuambia jina lake liko CRB, hutamuuliza ana alama nzuri au mbaya. Utampa pole.

Wakati huohuo simu zilikuwa zinabadilisha kila kitu. M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilizinduliwa Machi 2007. Novemba 2012 kampuni ya simu ya Safaricom na benki ya CBA wakaleta M-Shwari, na kwa mara ya kwanza mtu aliyekuwa hajawahi kukanyaga benki aliweza kukopa akiwa amekaa kitandani kwake. Mwaka 2015 ikaja KCB M-Pesa, kisha zikafuata programu za simu, baadhi yao za kampuni zenye makao California, na mwaka 2019 huduma nyingine ya kukopa, Fuliza. Sidharau hata kidogo jambo hilo. Mama aliyeamka usiku mtoto ana homa akapata shilingi elfu moja ndani ya dakika mbili, bila kugonga mlango wa shailoki, alisaidiwa kweli.

Lakini mtambo wa kuadhibu ulikuwa umetengenezwa kwa ajili ya mdaiwa wa mamilioni, na sasa ukaanza kushughulikia mamilioni ya wadaiwa wa mamia. Benki inayomdai mtu milioni mbili humpigia simu, humwita ofisini, humwandikia barua, huzungumza naye juu ya kupanga upya malipo. Anayedaiwa mia mbili hakuna anayemwita. Kompyuta ndiyo iliyomkopesha, na siku tisini zikipita bila malipo kompyuta ndiyo inayompeleka CRB. Sheria ilitaka mkopaji apewe taarifa siku thelathini kabla ya kuorodheshwa. Taarifa hiyo mara nyingi ilikuwa ujumbe mfupi, uliotumwa kwenye laini ambayo huenda mwenyewe alikwisha kuipoteza au kuibadilisha.

Ripoti ya CRB ukiipata mkononi ni karatasi chache tu. Juu kabisa pana jina lako, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, namba za simu na anwani ulizowahi kujaza kwenye fomu. Kisha zinakuja akaunti moja baada ya nyingine: nani alikukopesha, lini, kiasi gani, kimebaki kiasi gani, umechelewa siku ngapi. Chini huwa pana orodha ya waliokwisha kuuliza habari zako. Na mahali fulani pana alama, namba moja inayojaribu kukueleza mzimamzima. Katika kipimo cha Metropol namba hiyo huanzia 200 na kuishia 900, na ukiwa chini ya 400 maana yake una deni lililoharibika.

Sasa mchukue muuza mitumba wa soko la Gikomba jijini Nairobi, wa aina ambayo ungekutana naye humo siku yoyote. Amekopa kwenye simu mara ishirini. Kumi na tisa amelipa. Ya ishirini simu iliibwa, laini ikakaa bila kutumika, na salio la shilingi mia na themanini likabaki linaning'inia. Kwenye ripoti salio hilo lina mstari wake. Lakini soma tena karatasi zote utafute mambo ambayo jirani zake wanayajua. Chama alichochangia kila Jumapili kwa miaka kumi bila kuruka hata zamu moja hakimo. Kodi ya kibanda haimo. Tajiri anayempa marobota ya nguo kwa mali kauli, ambaye muuza mitumba humlipa baada ya wiki mbili, msimu baada ya msimu, naye hayumo. Ukimuuliza mtu yeyote pale sokoni kama mama huyu ni mwaminifu, atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Benki ina namba tu.

Na wakati mwingine hata namba si yake. Mtu amesajili laini kwa kitambulisho cha ndugu yake, au mume ndiye mwenye laini ambayo mke anaitumia kwenye biashara, au kitambulisho kilipotea na mwokotaji akakikopea. Kitambulisho ndicho ufunguo wa mfumo mzima. Asiyekuwa na laini kwa jina lake analipa madeni ambayo sifa yake inakwenda kwa mwingine, na wanawake ndio wanaoumia zaidi hapa, kama wanavyoumia kwenye hati za mashamba.

Wamarekani walikutana na matatizo haya mapema, kwa sababu biashara ya kukusanya habari za wakopaji ni ya zamani kwao. Kampuni inayoitwa leo Equifax ilianzishwa Atlanta mwaka 1899, na kwa miaka mingi iliwatuma wapelelezi wake kuuliza majirani kama fulani anakunywa pombe au ana ugomvi na mkewe. Mwaka 1970 bunge lao likapitisha sheria ya kumpa raia haki ya kuona kilichoandikwa juu yake na kukipinga. Mwaka 1974 likapitisha nyingine inayokataza kumnyima mtu mkopo kwa sababu ya jinsia au hali ya ndoa, na miaka miwili baadaye ikapanuliwa kugusa rangi, dini na asili. Hata hivyo, Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilipochunguza mwaka 2013 ilikuta kwamba mtu mmoja kati ya watano alikuwa na kosa katika angalau ripoti moja kati ya ripoti zake tatu. Hayo ni makosa ya nchi yenye zaidi ya miaka mia ya uzoefu na sheria ya zaidi ya miaka arobaini. Kwa hiyo mfanyakazi wa benki anapomwambia mteja kwamba kompyuta haikosei, mteja huyo ana haki ya kutomwamini.

Turudi Nairobi, maana huko ndiko lilikotokea jambo ninaloliona kuwa baya kuliko yote, na ni jambo lisilozungumzwa sana. Ni juu ya bei.

Hoja kuu ya kuanzisha CRB ilikuwa kwamba mkopaji mzuri akijulikana atakopa kwa bei nafuu. Ndivyo benki zilivyosema, ndivyo Benki Kuu ilivyosema, na katika vitabu vya uchumi ndivyo inavyotakiwa kuwa. Sasa itazame M-Shwari ilivyoanza. Ada yake ilikuwa asilimia 7.5 ya mkopo kwa siku thelathini. Ukikopa elfu moja, unarudisha 1,075. Ukiukopa kila mwezi mwaka mzima, umelipa shilingi 900 kwa kutumia elfu moja ileile. Na ada hiyo ilikuwa moja kwa wote. Aliyekopa kwa mara ya kwanza alilipa 7.5. Aliyekopa na kulipa mara thelathini bila kuchelewa hata siku moja alilipa 7.5. Uaminifu wake ulimwongezea kiwango tu: badala ya elfu moja sasa aliruhusiwa elfu tano, halafu kumi. Sifa njema ilimnunulia nafasi ya kudaiwa pesa nyingi zaidi kwa bei ileile.

Mkopaji mbaya aliadhibiwa, mkopaji mzuri hakutuzwa. Huo si mfumo wa kupima watu kwa haki, kwa sababu upande mmoja wa mizani umeondolewa.

Serikali nayo ilijaribu kuishusha riba kwa amri. Septemba 2016 sheria ilianza kuzuia benki kutoza zaidi ya asilimia nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Nia ilikuwa nzuri na wananchi walishangilia. Lakini benki iliyoambiwa imtoze muuza mitumba sawasawa na kampuni kubwa iliamua kumwacha muuza mitumba, ikakimbilia dhamana za serikali. Wadogo wakarudi kwenye programu za simu, ambazo sheria hiyo haikuzigusa kabisa. Ukomo huo ulifutwa Novemba 2019, na benki zikatakiwa kuja na mifumo ya kupanga riba kulingana na hatari ya kila mkopaji. Hapo ndipo alama ya CRB ingepaswa kuanza kumfaa mwenye nayo.

Badala yake zikaja amnesti. Nasema hili kwa uzito, kwa sababu zilitolewa kwa huruma na zilipokelewa kwa shukrani. Machi 2020, korona ilipoingia, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza kuorodheshwa kwa wadaiwa kusitishwe. Mwezi uliofuata Benki Kuu ikatoa kanuni mpya zenye mambo ambayo yangefaa yawe yamefanyika tangu mwanzo. Deni lisilofika shilingi elfu moja lisipelekwe CRB kabisa, na walioorodheshwa kwa madeni ya namna hiyo waondolewe. Cheti cha kwanza kitolewe bure. SACCO ziingizwe kwenye mfumo. Wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa na yeyote wanyang'anywe ruhusa ya kupeleka majina ya watu, kwa kuwa wengi wao walikuwa wakiitumia CRB kama kiboko. Kanuni zile nazisifu bila kusita.

Lakini Oktoba 2021 ikatolewa amri nyingine, kwamba kwa mwaka mzima asiorodheshwe mwenye deni lisilofika shilingi milioni tano. Milioni tano si deni la muuza mitumba. Na Novemba 2022, chini ya Rais Ruto, Benki Kuu ikaleta mpango wa kurekebisha rekodi: mikopo ya simu ya muda mfupi iliyoharibika ipunguzwe angalau nusu, mkopaji akamilishe iliyobaki kufikia mwisho wa Mei 2023. Hesabu za mpango ule zinastahili kutazamwa kwa utulivu. Uliwahusu watu milioni 4.2, waliodaiwa jumla ya shilingi bilioni 30. Ukigawa, ni shilingi elfu saba hivi kwa kila mtu. Na bilioni 30 hizo zilikuwa asilimia 0.8 tu ya mikopo yote ya benki nchini. Watu wazima zaidi ya milioni nne walikuwa wamefungiwa nje ya mikopo ya kawaida kwa ajili ya kiasi ambacho sekta nzima ya benki isingekihisi ikikipoteza.

Hilo lilihitaji kurekebishwa, na sina shaka nalo. Hofu yangu ni juu ya kinachotokea rekodi zinapositishwa tena na tena. Mkopeshaji asiyeweza kuiamini rekodi hatakopesha kwa imani. Atarudi kwenye dhamana: leta hati ya shamba, leta hati ya gari, leta mdhamini mwenye mshahara. Anayeumia ni yuleyule asiye na hati wala mdhamini, aliyekuwa amelipa madeni yake yote wakati wengine wakisubiri msamaha. Malipo yake yalikuwa ndiyo mali yake, na mali hiyo ilishushwa thamani bila yeye kuulizwa.

Wakati huo mizani nyingine ilikuwa inajengwa kando, isiyosimamiwa na CRB. Kampuni ya simu inajua unapokea kiasi gani, unatuma kwa nani, unanunua muda wa maongezi wa shilingi ngapi na siku gani za mwezi unaishiwa. Habari hizo zina uzito kuliko ripoti yoyote ya benki, na wenye nazo huzitumia kupima wateja wao wenyewe. Hazina ya Hustler, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa Novemba 30, 2022, nayo ina alama zake. Mikopo yake ni nafuu kweli: asilimia nane kwa mwaka, ambayo kwa elfu moja ya siku kumi na nne ni kama shilingi tatu. Lakini kiwango unachojijengea huko ni cha huko. Mtu anapokwenda SACCO kuomba mkopo wa biashara, huchapisha taarifa ya M-Pesa ya miezi sita akaibeba kwenye bahasha, na afisa wa mikopo huifunua kurasa kwa kalamu mkononi. Historia yake imetawanyika kwa watu watano, na hakuna hata mmoja kati yao anayelazimika kumkabidhi ikiwa kamili, katika hali inayoaminika na kila mkopeshaji.

Tanzania wana taasisi zao za taarifa za mikopo, zilizopewa leseni baada ya kanuni za mwaka 2012, na wana donda linalofanana na letu. Mikopo wanayoiita kausha damu iliwasumbua wanawake wa mitaani kiasi kwamba ikawa ajenda ya siasa, na Novemba 2024 Benki Kuu yao ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Marufuku ya aina hiyo hufunga mlango mbaya. Mlango mzuri unahitaji rekodi inayomtetea mkopaji, na hiyo ni kazi ndefu zaidi.

Mkenya anayesoma sura hii anaweza kuanza leo na kile sheria inachompa tayari. Ripoti yako unaipata bure mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila moja ya kampuni tatu, na unaipata bure tena ukikataliwa mkopo kwa sababu ya ripoti hiyo. Ziombe zote tatu, kwa sababu hazilingani kila wakati. Soma kwanza namba za simu na anwani zilizo juu, maana anwani usiyoijua ni dalili ya akaunti isiyo yako. Ukikuta kosa, liandikie shirika la CRB barua na uweke nakala ya risiti au ujumbe wa M-Pesa wa malipo. Shirika hilo linawajibika kuchunguza na kuweka alama kwamba habari hiyo inapingwa, wala halina haki ya kukutuma kwa mkopeshaji ukahangaike peke yako. Usidanganywe na anayedai kulisafisha jina lako kwa ada: deni likilipwa hubadilika kuwa limelipwa, lakini historia ya kuchelewa hubaki miaka mitano, na hakuna wakala wa mtaani mwenye uwezo wa kuifuta. Na kanuni za 2020 zinasema wazi kwamba alama mbaya peke yake isiwe sababu ya kumkataa mtu. Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi.

Sehemu iliyobaki haiwezi kufanywa na mkopaji mmoja mmoja. Benki Kuu ya Kenya hupitia mifumo ya riba ya benki, na tangu kanuni za Machi 2022 hupitia pia ya wakopeshaji wa simu wenye leseni. Inaweza kuweka sharti moja kabla ya kuidhinisha mfumo wowote: kila mkopaji aelezwe, kwenye ujumbe uleule unaompa mkopo, alama yake imempunguzia au kumwongezea riba kwa kiasi gani, na aliyelipa mara kumi mfululizo apate bei iliyo chini ya ile ya mgeni. Wakopeshaji wenyewe wana hesabu hizo tayari kwenye kompyuta zao. Ndizo walizotumia kuamua nani apewe elfu moja na nani apewe elfu kumi.